Sabufa ya gari na amplifaya: soma RMS, kisha hesabu omu

Boksi la sabufa likiandikwa "wati 2000", lipite. Hiyo ni nguvu ya kilele, ya kufumba na kufumbua. Tafuta RMS, yaani wati ambazo koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) inazihimili muda mrefu bila kuungua. Huenda ni 500 tu.

Tuchukue hiyo ya 500, inchi 12, yenye koili mbili za omu 4 kila moja (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unapata omu 2. Ukiziunga mfululizo, omu 8. Omu 4 haipatikani hapo hata fundi akikuapia. Kwa hiyo usinunue amplifaya kwa sababu inatoa 500 kwenye omu 4. Kwenye omu 8 itatoa karibu nusu yake, na kwenye omu 2 huenda ikachemka na kujizima wimbo ukiwa katikati. Unayoitaka ni ile iliyoandikiwa wati 500 RMS kwenye omu 2. Mita ya umeme ikisoma omu 1.6 au 1.8 kwenye nyaya za sabufa, usishtuke, ndivyo koili inavyosomeka ikiwa imetulia.

Kinachounguza sabufa nyingi ni geni, kitufe cha amplifaya kinachopanga ukuzaji wa mawimbi yanayotoka kwenye redio. Watu huizungusha kama sauti ya redio, mawimbi yanakatwa vichwa, na amplifaya ya 500 inaanza kusukuma hadi karibu mara mbili yake. Koili inanuka kama plastiki iliyoungua, hapo umechelewa.

Irekebishe kwa mita. Chomoa sabufa, zima besi ya ziada, weka redio kwenye robo tatu ya sauti, cheza mlio wa hezi 50 uliorekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa (0 dB). Zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili: 500 × 2 ni 1000, kipeuo chake ni volti 31.6. Pandisha geni taratibu mpaka mita, ikiwa kwenye volti za AC na imeguswa pale amplifaya inapofungwa nyaya za sabufa, isome 31. Acha hapo.

Waya nao. Wati 500 hizo huvuta takriban ampea 45, kwa hiyo tumia waya wa shaba halisi wa geji 4 na fyuzi ya ampea 60, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Waya wa alumini uliopakwa shaba ni mwepesi mkononi na bei yake inavutia, lakini unapoteza volti. Waya wa hasi ufunge kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Taa za dashibodi zikififia kila besi inapogonga, anza kukagua hapo kabla ya kulaumu amplifaya.