Laptopu ya zamani nzito na inayochemka: anza na vumbi, Windows baadaye

Mkuu, umeeleza kwamba laptopu yako ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha tano, RAM GB 4, hadi diski (HDD, diski ya kuzunguka) ya GB 500, uliinunua ikiwa imeshatumika, na unaandikia tasnifu hapo Ng'ong'ona, Dodoma. Sasa inachelewa kuwaka, inachemka mpaka kibodi haishikiki, na ukiingia Zoom inazima yenyewe. Fundi kakwambia ipigwe Windows mpya, la sivyo ununue nyingine. Usikubali lolote kati ya hayo kwanza. Nina steshenari upande huohuo wa chuo, mashine zangu zote ni za zamani, zinawashwa asubuhi na kuzimwa usiku, na barabara iliyo mbele ya mlango ni ya vumbi tupu. Unayoyaeleza nayaona kila msimu.

Kabla hujagusa skrubu hata moja, hamisha tasnifu. Leo hii. Kizazi cha tano kilitoka mwaka 2015, kwa hiyo kama hiyo diski ndiyo iliyokuja na mashine, imeshazunguka vya kutosha. Weka nakala kwenye flashi, na nyingine mtandaoni. Halafu shusha CrystalDiskInfo, programu ndogo ya bure ya kupima afya ya diski. Ikikuandikia Good, endelea kwa utulivu. Ikikuandikia Caution au Bad, au ukisikia diski inagonga kwa ndani, acha kila kitu, maliza kuhamisha mafaili yako, maana hapo mashine ni nzito kwa sababu diski inarudia na kurudia kusoma sehemu zilizoharibika. Wanafunzi wanaokuja dukani wakiwa wamepoteza kazi ya mwaka mzima ni wengi, na inaniuma kwa sababu karibu kila mara mashine ilikuwa imeshaonyesha dalili.

Sasa tujue ugonjwa ni upi. Washa mashine asubuhi ikiwa baridi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Task Manager kwenye Performance, uiache wazi huku ukifanya kazi zako za kawaida. Angalia Speed ya prosesa. Kwa i5 yako, ukiwa unafanya kazi, inatakiwa icheze GHz 2 kwenda juu. Ikiwa asubuhi inasoma hivyo, halafu baada ya muda inaporomoka chini ya GHz 1 na kung'ang'ania hapo wakati matumizi ya prosesa yapo karibu asilimia 100, basi joto ndilo linaloifanya nzito. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100 au juu yake kidogo. Zikikaribia hapo zinajipunguzia kasi ili zisiungue, na joto likizidi kupanda mashine inajizima. Ndiyo Zoom yako hiyo: video inaitumikisha prosesa mfululizo bila kupumua.

Hapohapo angalia mstari wa Disk. Ukiwa umeganda asilimia 100 tangu unawasha, hata kabla mashine haijapata moto, hilo ni la diski, na kusafisha feni hakutaligusa. Na ikiwa Speed iko chini tangu mwanzo, mashine ikiwa baridi kabisa, ishuku chaja. Kuna laptopu zinazoitambua chaja yake. Ukichomeka ya bandia, au yenye waya mwembamba wa ndani uliokatika, zinashusha kasi kwa makusudi. Chomoa chaja, izime na kuiwasha tena kwa betri, uone kama itachangamka.

Kwa hapa Dodoma mimi naanza na vumbi kila mara. Kuanzia Mei mpaka Novemba mvua ni ya kutafuta, upepo hauishi, na vumbi letu ni laini kiasi cha kupita hata dirisha lililofungwa. Mji wenyewe uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar es Salaam, na feni ileile inabeba joto pungufu. Hilo la hewa mchango wake ni mdogo. Ila lijumlishe na vumbi na joto la Oktoba, utaelewa kwa nini mashine iliyotoka pwani ikiwa nzima inaanza kulalamika huku.

Wengi wanadhani vumbi linakaa kwenye panga za feni. Panga zinachafuka, ni kweli, lakini shida kubwa iko mbele yake, kati ya feni na yale mapezi membamba ya chuma ambako hewa ya moto inatokea. Vumbi likikutana na nywele na nyuzi za blanketi linashikamana na kuwa tabaka nene linaloziba njia nzima. Feni inalia kwa nguvu zake zote na hewa haitoki. Weka kiganja kwenye tundu la pembeni wakati inalia: mvumo ukiwa mkubwa na upepo hafifu, tabaka lipo. Ndiyo maana kupuliza kwa blowa kutoka nje kunaleta nafuu ya siku chache tu. Unalisukuma tabaka lirudi ndani, feni inalirudisha palepale. Lazima ufungue ulitoe kwa mkono.

Zima kabisa, chomoa chaja, fungua kava la chini, na kitu cha kwanza baada ya hapo ni kuchomoa waya wa betri kwenye bodi. Betri ikiwa imevimba, au tachipadi imeinuka, ishia hapo: usiichaji tena, usiikandamize, tafuta nyingine. Skrubu zipange juu ya karatasi kama zilivyokuwa, kwa sababu hazilingani urefu, na ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa upande wa kibodi. Toa feni, bandua lile tabaka, pitisha brashi laini kavu, kisha puliza mapezi. Unapopuliza, zuia panga kwa kidole. Ukiziacha zizungushwe na blowa zinakwenda kasi ambayo beringi haikutengenezewa.

Ukishafika hapo badilisha pia pesti ya prosesa, maana mashine ya umri huo pesti yake mara nyingi imekauka na kupasuka, haipitishi tena joto kwenda kwenye bomba la shaba. Ifute kwa spiriti kali, ya asilimia 90 na zaidi, acha pakauke, weka tone la ukubwa wa punje ya mchele, kisha kaza skrubu kwa kufuata namba zilizochongwa pembeni yake. Vile vipande laini vya mpira vinavyokaa juu ya chipu nyingine viache mahali pake. Nimeona mafundi wakivitupa na kujaza pesti badala yake; pesti haiwezi kuziba nafasi ile, na chipu hizo zinabaki bila mahali pa kupeleka joto. Kama huna bisibisi ndogo wala uzoefu, mpelekee fundi, lakini mtajie unachotaka: feni itolewe, mapezi yasafishwe, pesti ibadilishwe, nawe ukae hapo uangalie. Fundi mzuri hakatai.

Baada ya hapo usiitumie tena juu ya kitanda wala mto. Ikichemka bado kipindi cha jua kali, ingia Power Options uweke Maximum processor state asilimia 99 badala ya 100. Prosesa inaacha kujirusha juu ya kasi yake ya kawaida, na joto linashuka waziwazi bila kuharibu kazi ya kuandika.

Kuhusu kupiga Windows: hakutoi vumbi, na mara nyingine kunaongeza tatizo. Windows nyingi za mtaani zinawashwa leseni kwa programu za wizi ambazo ukizitumia unaambiwa uzime antivirasi kwanza. Baadhi zinabeba virusi vinavyochimba sarafu za mtandaoni kwa prosesa yako, na vingine vinajificha mara tu unapofungua Task Manager. Feni ikilia wakati hujafungua chochote, na ikanyamaza ukiingia kuangalia, piga skani kamili.

Kama Disk ndiyo iliyoganda, pesa yako ipeleke kwenye SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, inakaa palepale pa hadi diski. Diski ya kuzunguka inasoma kama MB 100 kwa sekunde ikiwa na bahati, na mafaili madogomadogo ya Windows yanaishusha mbali chini ya hapo. SSD hiyo inafika karibu MB 500. Hakuna kitu kingine kinachobadilisha mashine ya zamani kiasi hicho, na mimi nimeacha kabisa kuweka hadi diski kwenye mashine za wateja wanaoandika. RAM ifuate, ufike GB 8. Kizazi cha tano kwa kawaida kinatumia RAM ya aina ya DDR3L. Ukiuziwa DDR4 haitaingia. Fungua kwanza uone kama kuna nafasi, kwa sababu kuna laptopu ambazo RAM yake imechomelewa kwenye bodi.

Jingine: Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inaanzia Intel kizazi cha nane. Tasnifu yako ikiwa ni maandishi tu, Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) na LibreOffice (badala ya Word) vinatosha na ni vyepesi. Ukiwa na data za SPSS, ile programu ya takwimu, ijaribu PSPP, ni ya bure, inafungua mafaili ya .sav, lakini haina kila kitu cha SPSS, kwa hiyo hakikisha vipimo unavyovihitaji vimo kabla hujahama.

Anza na Task Manager kesho asubuhi. Andika hapa Speed ikiwa baridi, Speed baada ya nusu saa, na Disk inasema asilimia ngapi. Tuone namba hizo kabla hujanunua chochote.