Wasomaji Wanauliza: Skuli za Unguja

Swali: Tunahamia Unguja kutoka Tanga. Kijana wangu alitaka kujua Skuli ya Lumumba ilikuwa nini zamani, nami nataka kujua "mkondo wa mchana" ni kitu gani. Mama wa watoto wawili.

Jibu: Mama, kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964 Lumumba ilikuwa King George VI, sekondari ya serikali. Ilipewa jina la Patrice Lumumba wa Kongo, aliyeuawa 1961. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo, na foleni ya kuingia skuli ikawa ndefu.

Ndipo inapokuja mikondo. Pale vyumba visipotosha, kundi moja husoma asubuhi, jingine huingia adhuhuri kwenye madawati yale yale, hata chaki hazijafutwa ubaoni. Wa asubuhi huenda chuoni kusoma Kurani jioni. Wa mchana hutangulia chuo. Shida ni kwa wa mchana: joto, usingizi, na daftari linaloachwa mpaka usiku. Mzoeshe kumaliza kazi za skuli kabla ya kuvaa sare. Uliza mkondo kabla ya kukodi nyumba, maana dadake anaweza kupangiwa mwingine.

Jambo jingine: sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 iliweka elimu ya msingi ya miaka sita, kwa hiyo usilinganishe madarasa kwa namba tu. Kidato cha nne hutahiniwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, kama huko kwenu. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa na karatasi ya uhamisho yafanane herufi kwa herufi. "Mohamed" na "Muhammed" humsumbua mtoto wakati wa usajili.