Acha mzigo dukani, usiache kitambulisho

Usimpe muuzaji kitambulisho. Kama hujampa, usimpe, na kama umeshampa, rudi kabla hajafunga duka umwambie akurudishie chako na yeye abaki na vitambaa vyake.

Nimesoma ulivyoeleza. Umevuka kutoka Wete, Pemba, kuja mjini Unguja kununua nguo za harusi ya mdogo wako, ukaingia duka moja Darajani, ukachagua, ukakatiwa, ukapigiwa hesabu, kutia mkono mfukoni ukakumbuka pochi iko juu ya kabati nyumbani. Kitambulisho kilisalimika kwa sababu ulikitia nyuma ya ganda la simu wakati wa kukata tiketi. Muuzaji kakwambia uache simu au kitambulisho uchukue mzigo. Binamu yako atakuja na pochi Jumamosi, utakomboa, Jumapili unapanda boti kurudi. Ukauliza kipi bora kuacha, umwambieje muuzaji usidhalilike, umfiche mkeo au umwambie, bei itabaki ile ile ukichelewa, na pochi ya namna gani mtu haisahau. Mie nimeganda hapo kwenye kitambulisho na boti ya Jumapili, kwa sababu njia hiyo nimeipita yote.

Ilikuwa Chake Chake, kwetu Pemba, mwisho wa Ramadhani. Chake ya siku zile kila mtu anaijua: Micheweni yote iko pale, Kojani iko pale, Mkoani iko pale, huwezi kusimama mbele ya duka bila kusukumwa ndani. Nilikuwa nanunua nguo za watoto za sikukuu, gauni mbili na kanzu moja ndogo. Pochi ilibaki nyumbani Konde ndani ya suruali ya kazini. Kwenye simu hamna kitu. Nilikuwa nishafungua mdomo nimwambie kijana wa duka aniwekee pembeni nirudi kesho, na angekubali, maana nguo zenyewe bado zimo ndani ya mifuko yake, hakuna hata pini iliyochomolewa.

Akadakia mzee mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kaunta. Hakuwa mwenye duka wala hakuwa ananunua kitu. Kanzu safi, tasbihi mkononi, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Mwanangu, mpe kitambulisho uende zako, watoto wanakungoja. Rehani imo ndani ya Qurani." Watu wa nyuma yangu wakaitikia, foleni isogee. Nani atabishana na mzee wa namna ile, mwezi wa Ramadhani, mbele za watu? Nikatoa. Kijana akavuta mtoto wa meza, ile droo, akakitupa juu ya vingine. Vilikuwa vingi, vya watu wazima na vya vijana, vimefungwa kwa mpira wa njano kama karata. Kimoja cha bibi mmoja kilikuwa kimepauka hata uso hauonekani vizuri. Nilijiuliza huyo bibi anatembeaje, anajiandikishaje, anaonyesha nini akiulizwa. Sikukaa na swali hilo, nikabeba nguo nikaenda kupanda gari.

Kesho yake nimerudi na pesa kamili mapema. Duka limefurika. Kijana kahesabu pesa, kavuta mtoto wa meza, kapekua, kanikabidhi kitambulisho. Nakitazama: jina langu, jina la baba yangu, jina la babu yangu, na uso wa mtu nisiyemjua.

Kwetu Pemba majina tunarithishana. Ukiita majina matatu ya kawaida msikitini siku ya Ijumaa watageuka watu wanne. Alikuwapo mwenzangu wa jina, mvuvi wa Kojani, na yeye kaacha kitambulisho duka lile lile kwa deni lake, alfajiri ile kaja kulipa. Kijana kasoma jina, kampa cha juu. Mwenzangu hakukitazama, kakitia mfukoni kaondoka. Nami sina la kumlaumu, mtu akirudishiwa kitambulisho chake hakikagui kama noti. Tulipompata wa kumuuliza tukaambiwa hatangoja hata sikukuu iishe, anakwenda dago, kambi ya wavuvi, na wenziwe, na simu yake haipatikani.

Mwenye duka alipokuja nikamweleza. Hakunifokea. Alisema maneno ambayo mpaka leo yananikera kwa sababu yana ukweli ndani yake: "Kile kwangu kilikuwa amana, bwana. Sikukiharibu mie." Kisha akafunga duka kwa sikukuu.

Sikukuu mosi tumekula vizuri, watoto wamevaa. Sikukuu pili usiku mwanangu mdogo akashikwa na homa, akatetemeka mpaka macho yakageuka. Tukamkimbiza hospitali Chake, wakamtundikia dripu, na walipoona hatulii wakaandika apelekwe hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Alfajiri tuko gatini Mkoani. Mke wangu kashika mtoto, mie nimeshika kikapu na karatasi ya rufaa. Dirishani kijana kaomba vitambulisho. Cha mke wangu kipo. Changu nikaanza kueleza: duka, Chake, Mkojani, dago. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nilete karatasi ya polisi ya kupotelewa au barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani. Sheha wangu yuko Konde, ncha nyingine ya kisiwa, na boti haingoji.

Kijana yule simlaumu, na nawaomba wanaopenda kuwatukana watu wa tiketi wanisikilize. Sisi ndio wa mwisho wa kulalamika kuulizwa jina na kitambulisho kwenye chombo. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikija Pemba, imejaza watu kupita kiasi, na orodha ya abiria haikulingana na waliokuwamo ndani. Mwaka uliofuata, Julai, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Kuna nyumba hapa kwetu mpaka leo zinamtaja mtu wao bila karatasi yoyote inayosema alipanda. Anayedai jina langu lilingane na uso wangu kabla sijakanyaga boti ananihifadhi mie.

Basi mke wangu akapanda peke yake. Mtoto kalala begani mwake, mkononi ana plasta pale ilipotolewa sindano ya dripu, na mama yake mkono mmoja tu ulio huru, kikapu kikawa hakina wa kukibeba mpaka mama mmoja wa Mtambile, asiyetujua, akakichukua bila kuombwa. Mie nikabaki upande huu wa geti. Nimekwenda polisi, nimepanda gari mpaka Konde, nimemtafuta sheha, nimerudi Mkoani, na nilipofika Mnazi Mmoja mke wangu alikuwa kashakesha peke yake na mgonjwa kwenye mji ambao hana ndugu hata mmoja. Mtoto alipona, alhamdulillahi, sasa yuko skuli anakimbia na wenzake. Lakini ule usiku aliokesha mama yake siwezi kumrudishia, na ulitoka kwenye gauni mbili na kanzu moja.

Sasa yule mzee. Sitamtaja, na pengine keshasahau. Lakini nimemfikiria sana, kwa sababu alitumia dini kumaliza maneno yangu. Aya aliyoikusudia ni ya 283 katika Suratul-Baqara, na ni kweli inataja rehani, mtu akiwa safarini na asipate wa kumwandikia deni. Lakini kabla yake kuna aya ya 282, ndefu kuliko zote katika Qurani, na inaamrisha deni liandikwe na washuhudie mashahidi. Pale dukani palikuwa na daftari, kalamu na watu wa kushuhudia wamejaa mpaka mlangoni. Kwa nini hakusema "mwandikie"? Kwa nini alirukia rehani?

Na hata hiyo rehani, sote tuliopita chuo cha Qurani tumesomeshwa kanuni ya madhehebu ya Kishafii: kinachofaa kuuzwa ndicho kinachofaa kuwekwa rehani. Ndiyo maana ya rehani, mdaiwa akishindwa kulipa kitu kiuzwe mdai apate haki yake. Kitambulisho kitauzwa kwa nani? Muuzaji hapati hata senti akikaa nacho miaka kumi. Thamani yake yote iko kwako, na anachokishika hasa ni shida yako, siku utakayokwama barabarani au gatini. Halafu lililo baya zaidi ni lile alilolisema mwenye duka. Rehani mkononi mwa mdai ni amana, ikipotea bila uzembe wake halipi. Nimekwenda kumuuliza sheikh wetu nikitumai ataniambia vingine, akanithibitishia. Kwa hiyo unampa mtu kitu kisichomfaa yeye, kinachokuua wewe, na kikipotea unaweza ukakosa hata wa kumdai. Mzee mwenye tasbihi alikuwa anajua nusu ya mas-ala, na nusu hiyo kanitwisha mie.

Wenye maduka nao niwaambie. Mnajua mnachokifanya na ule mtoto wa meza. Mnasema ni kwa ajili ya kujilinda. Mtu amesimama mbele yako mzigo bado uko kwako, umelindwa tayari! Ukimwachia mzigo ukachukua kitambulisho ndipo unapojiweka kwenye hatari, na yeye pia. Anayetaka kukudhulumu ataacha kitambulisho atangaze kimepotea, apate kingine. Anayeumia ni yule mkweli.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Mwambie muuzaji kwa sauti ya kawaida: "Yakhe, pesa nimesahau Wete, mzigo huu ni wangu, niwekee na uandike jina langu juu yake." Usinong'one wala usianze hadithi ndefu, anayenong'ona ndiye anayetiliwa shaka. Jambo moja ana haki nalo: vitambaa ameshavikata, na kitambaa kilichokatwa kwa kipimo chako hakirudi kwenye jora. Hilo likubali kabla hajalisema. Mpe arubuni chochote ulichonacho, hata iwe elfu tano ya nauli ukatembea kwa miguu mpaka unakolala, na mwandikiane kwenye daftari lake jina, kiasi ulichotoa na kiasi kilichobaki, uipige picha karatasi hiyo. Hapo ana mzigo, ana arubuni, ana maandishi. Akikataa na hayo akashikilia kitambulisho tu, huyo hataki malipo, na Darajani na Mchangani hakuna duka moja tu.

Simu pia usimwachie. Ndiyo pochi uliyobaki nayo. Namba yako ya pesa iko humo, ujumbe wa malipo utaingia humo, na akipiga mama mkwe wako atapokea kijana wa duka amwambie mwenye simu kaweka rehani. Kwa mtu mwenye harusi ya mdogo wake wiki hii, stara hiyo ina bei kubwa kuliko vitambaa.

La kumficha mkeo ndilo linalonishangaza, kwa sababu yeye ndiye mwenye ufunguo. Pochi iko kwake! Unamngoja binamu mpaka Jumamosi wa nini? Mkeo achukue pesa kwenye pochi, aende kwa wakala aliye karibu naye hapo Wete, aziweke kwenye simu yake, azilipe moja kwa moja kwenye lipa namba ya duka. Kabla hajatia namba ya siri jina la biashara litamtokea. Akusomee kwenye simu nawe ulilinganishe na lililobandikwa ukutani hapo dukani, herufi kwa herufi. Halafu subiri ujumbe uingie kwa muuzaji mwenyewe, usiondoke kwa ujumbe wa upande wa mkeo peke yake. Asikutumie wewe ukatoe taslimu, wakala anaweza kukudai kitambulisho, na kama umeshakitia kwenye mtoto wa meza wa mtu ndiyo umefunga na mlango huo.

Fundi wa kushona anaweza kungoja mpaka jioni. Mpigie mkeo sasa, mawakala wa Wete bado wako wazi, umwambie afungue kabati.