Kabla ya kubadilisha kamera ya endoskopu, pima wakati taa inapowaka

Malalamiko mengi ninayoletewa kuhusu picha ya endoskopu, kifaa chembamba chenye kamera kinachoingizwa mwilini kwa uchunguzi, huanza na kamera: imechoka, lenzi imechakaa, pikseli hazitoshi. Mara nyingi kamera haina kosa lolote. Kinachoharibu picha ni taa kuwaka wakati ambao kihisi, yaani chipu ya kamera inayopokea mwanga, hakiko tayari, na tatizo hilo halitibiki kwa kununua pikseli zaidi. Nimefanya kazi na mifumo hii kwa muda mrefu, kwenye meza ya majaribio na ndani ya vyumba vya uchunguzi, na jambo la kwanza ninalomwambia mhandisi au fundi anayeanza ni hili: ndani ya mwili hakuna mwanga mwingine isipokuwa ule ulioupeleka wewe. Giza lile ni mali. Ukilitumia vizuri, taa yenyewe inakuwa shata ya kamera, yaani kile kinachofungua na kufunga njia ya mwanga.

Vihisi vingi vya CMOS, aina ya kawaida kwenye kamera za leo, havichukui picha nzima kwa mkupuo mmoja. Husoma mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini. Kihisi chenye mistari 1080 kinachotoa fremu (picha moja moja za video) 60 kwa sekunde kina milisekunde 16.7 kwa kila fremu, kwa hiyo kila mstari huanza takriban maikrosekunde 15 baada ya ule uliotangulia. Mstari wa mwisho unaona tishu karibu fremu nzima baada ya mstari wa kwanza. Taa ikiwaka mfululizo huku moyo unagonga ukuta wa umio, mshipa wa damu ulionyooka utaonekana umepinda. Na kwa kuwa kila mstari umekusanya mwanga muda wote huo, kingo za mshipa zinafifia pia.

Fanya hesabu ndogo. Tishu inayosogea milimita 20 kwa sekunde husafiri milimita 0.33 katika fremu moja. Kama picha yenye pikseli 1920 inaonyesha upana wa milimita 20, huo ni ukungu wa pikseli 30 hivi. Punguza mwanga uwe mpigo mmoja, yaani taa kuwaka na kuzima mara moja, wa milisekunde 2 na ukungu unashuka hadi pikseli 4. Kwa daktari anayetafuta mabadiliko ya vimishipa kwenye utando laini, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuona na kukisia.

Mpigo mfupi peke yake hautoshi, lazima uangukie mahali pake. Ukiupiga wakati mistari inasomwa, baadhi itapata mwanga wote, mingine nusu, mingine sifuri, na picha itatoka na mikanda. Dawa yake ni kuharakisha usomaji: mistari yote isomwe kwa milisekunde 8, kisha kihisi kisubiri milisekunde nyingine 8 na kidogo kabla ya kusoma tena. Katika kipindi hicho cha kusubiri, ambacho ndicho dirisha letu, mistari yote iko wazi kwa pamoja. Washa taa hapo, na uizime kabisa kabla usomaji haujaanza. Kihisi cha kawaida kinatoa picha kana kwamba kimefungua na kufunga mistari yote mara moja.

Hapa ndipo ninapoona watu wakipotea zaidi: ishara ya kuamrisha taa inatoka wapi? Ichukue kwenye kihisi chenyewe, au kwenye saa ya kielektroniki inayokiendesha. Usiichukue kwenye mkondo wa video unaokwenda kwenye skrini. Kufikia huko, picha imeshapita kwenye kumbukumbu, imesafishwa, pengine imebadilishwa kasi ya fremu, na mwanzo wa fremu kwenye skrini hauna uhusiano wa kuaminika na mwanzo wa fremu kwenye ncha ya kifaa. Kumbuka pia vitenganishi vya umeme vinavyomlinda mgonjwa. Vingine huchelewesha kuwaka kwa kiasi kimoja na kuzima kwa kiasi kingine, na mpigo unatoka na upana tofauti na ule ulioamuru. Chagua vya kasi, kisha upime mwanga unaotoka kwenye ncha. Amri iliyoandikwa kwenye programu si kipimo.

Kupima kwenyewe hakuhitaji maabara kubwa. Fotodiodi ya haraka (kijenzi kinachogeuza mwanga kuwa ishara ya umeme) mbele ya ncha, oskiloskopu ya njia mbili (kifaa kinachochora ishara za umeme kwenye skrini): njia moja ishara ya fremu, nyingine mwanga. Utaona mara moja kama mpigo umekaa ndani ya dirisha lake. Fanya hivyo ndani ya sanduku jeusi. Taa nyingi za chumbani hupepesa mara 100 au 120 kwa sekunde kufuatana na umeme wa gridi, na zitakuletea mikanda ambayo mgonjwa hataileta kamwe. Mbele ya kamera weka kwanza kadi ya kijivu kuangalia usawa wa mwanga, halafu diski inayozunguka yenye mistari myeusi kuangalia ukungu na kupinda.

Kuna jambo la fosfori ambalo wauzaji wa taa hawalitaji. Taa nyeupe ya LED ni diodi ya buluu iliyofunikwa fosfori, dutu inayogeuza sehemu ya mwanga wa buluu kuwa rangi nyingine. Fosfori ya kawaida ya manjano hufifia ndani ya makumi ya nanosekunde, haina neno. Lakini baadhi ya taa zilizoongezewa wekundu hutumia fosfori ya floridi yenye manganizi, na hiyo huchukua milisekunde kadhaa kufifia, karibu nane. Umeshakata umeme, usomaji umeanza, na wekundu bado unaingia kwenye mistari ya chini. Nyekundu ndiyo rangi ambayo daktari anaisoma kuliko zote, kwa sababu ndiyo rangi ya damu na ya uvimbe. Kwa mfumo wa mipigo, mimi nachagua kuongeza LED tofauti iliyo nyekundu yenyewe kuliko taa ya aina hiyo, hata ikibidi kuongeza njia moja ya umeme.

Kuhusu kiasi cha mwanga: ncha ikisogea kutoka milimita 50 hadi milimita 5, mwanga unaoipiga tishu huongezeka takriban mara 100. Rekebisha upana wa mpigo kwanza, na uguse mkondo wa umeme pale tu upana ulipofika mwisho wake, maana mkondo ukibadilika rangi ya LED nayo husogea. Badiliko lolote lianze kwenye mpaka wa fremu, si katikati ya mpigo. Na kipimo cha mwangaza kikikufikia baada ya fremu mbili au tatu, tuliza kasi ya marekebisho, la sivyo picha itapanda na kushuka kama inapumua. Ukipunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima haraka mfululizo bila kutumia dirisha, hakikisha angalau muda ambao kila mstari unapokea mwanga unabeba idadi kamili ya mizunguko hiyo.

Mifumo inayopokezana mwanga, fremu moja nyeupe na inayofuata ya wigo mwembamba (rangi chache tu za mwanga) wa nanomita 415 na 540 unaonyonywa na hemoglobini ya damu, inadai nidhamu hiyohiyo: kila mwanga uzimike kabisa kabla mwenzake haujaanza. Ile inayowasha nyekundu, kijani na buluu kwa zamu hubaki na pindo za rangi tishu ikisogea, na hakuna mpangilio wa saa utakaoziondoa zote. Pia kupokezana huko hupepesa machoni mwa wahudumu kifaa kikiwa nje ya mwili. Mwanga unaopepesa unaweza kuchochea kifafa kwa watu wenye udhaifu huo, kwa hiyo kifaa kikitoka, mfumo ushushe mwanga.

Joto nalo lisisahauliwe. Mpigo mfupi hukushawishi upandishe mkondo, na kiwango cha kimataifa cha usalama wa endoskopu, IEC 60601-2-18, kinataka sehemu inayoingia mwilini isipite nyuzi 41 za Selsiasi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Pima ncha baada ya kuwaka kwa muda mrefu, hewani, bila maji yanayoipoza.

Jaribio ninalolisisitiza kuliko yote ni la kuharibika. Chomoa waya wa ishara ya fremu mfumo ukiwa unafanya kazi. Taa inapaswa kurudi mara moja kwenye mwanga wa mfululizo, hata kama picha itakuwa na ukungu, na skrini iseme kwamba ulinganifu wa taa na kamera umepotea. Daktari mwenye kifaa ndani ya mgonjwa anaweza kufanya kazi na picha hafifu kwa dakika chache akitoa kifaa salama. Gizani hawezi. Kama taa inazimika waya ukichomoka, rudisha mfumo huo mezani.