Siku hizi nasahau: barua za wasomaji

Theluthi ya barua za mwezi huu ni swali lile lile, kwa hiyo naanza nalo ili liishe.

Dada, siku hizi nasahau funguo na simu kila mahali. Nina ADHD? (Wengi mno, kuanzia Kampala hadi Arua)

Sijui, nanyi hamjui. Kinachonitia shaka ni hilo "siku hizi". ADHD, ile hali ya ubongo kushindwa kutuliza umakini au mwili, haiji ukubwani kama mvi. Madaktari wanaofuata DSM-5, mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013, hutafuta dalili zilizojitokeza kabla ya miaka 12, na kwa mtu mzima ziwe angalau tano za kundi moja (la kukosa umakini, au la kutotulia na kukurupuka), zimsumbue kazini na nyumbani pia. Kama umeanza kusahau mwaka huu, kapime damu na tezi ya shingo, ujiulize kuhusu sonona, na umwangalie huyo kichanga anayekuamsha saa nane usiku. Video ya sekunde 30 haipimi mtu.

Nimeambiwa niende Butabika. Si kwa wendawazimu kule? (Mama wa duka, Bombo)

Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, mama, na wanaoingia lango lile ni pamoja na watu wasiopata usingizi na wasioweza kumaliza walichoanza. Ukiona haya, anza na kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Nenda na mtu aliyekujua utotoni, na ripoti za shule kama hazikufungiwa karanga. "Ana akili ila hatulii", iliyoandikwa na mwalimu wa P.3 (darasa la tatu), itamsaidia daktari kuliko maelezo yako ya nusu saa.

Nikitafuna mairungi (miraa) naendesha lori Malaba mpaka Kampala macho makavu. Mbona mnaipigia kelele? (Dereva)

Kwa sababu barabara hiyo napita na wanangu. Mairungi ina kathinoni, ndugu yake amfetamini: inakukesha, inakimbiza moyo, kisha usingizi unadai deni lake ukiwa kwenye kona. Na ninyi mnaoazimana vidonge vya methilifenideti chuoni, hamjauliza lakini nawajibu. Ile ni dawa ya ADHD, ya kuandikiwa na daktari anayefuatilia presha na moyo. Tena inakusaidia kukaza macho, haikuchagulii cha kutazama. Ukiimeza ukiwa TikTok, utaimaliza TikTok.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Mbale. Daktari alithibitisha ADHD mwaka jana. Karatasi 120 za mtihani ziko mezani tangu Ijumaa. Kazi naijua na naipenda, lakini nakaa nazitazama tu. Mkuu wangu anasema ni uvivu. Nijitie motisha vipi?

Usijitie, mwalimu. Hilo neno motisha limewatesa watu wenye ADHD kuliko hata ADHD yenyewe. Wanalisubiri kama taksi ya mwisho, nalo halipiti. Mvivu hukaa kwa raha. Wewe umekaa unaungua. Kilichokwama ni kuanza. Ubongo wa namna hii huamshwa na jambo jipya, linalovutia, au linalowaka moto sasa hivi. Sifa za wiki ijayo haziusogezi. Ndiyo maana nakuhakikishia utazimaliza zote usiku wa kuamkia kikao, ukitetemeka.

Sasa moto huo uwashe mapema, na uwe mdogo. Chukua karatasi kumi, zile 110 zifungie kabatini na ufunguo apewe mwenzako. Sahihisha swali la kwanza tu katika zote kumi. Mwambie mtu kwa mdomo kwamba saa nne utamkabidhi hizo kumi. Tumia saa ya ukutani, maana ukishika simu kutazama saa utaibuka baada ya dakika arobaini bila kujua ni saa ngapi.

Na usikae peke yako. Mimi safu hii naiandikia kwa fundi cherehani jirani yangu, kwenye kiti cha plastiki kilichokatika mkono. Hanisemeshi. Cherehani ikilia nami naandika. Ikinyamaza, ananitazama juu ya miwani na mimi naona haya kufungua simu. Nyumbani nina meza nzuri ya mvule. Kazi yake ni kubeba nguo ambazo hazijakunjwa.

Mbinu hii itachacha baada ya wiki kadhaa. Ibadilishe, usijilaumu. Mkuu wako mwachie karatasi zilizosahihishwa, usimwachie maelezo.

Mke wangu anadai ana ADHD, mbona anasuka nywele kwa muda wa saa sita bila kunyanyuka? (Mume, Jinja)

Umakini anao, ila hauamrishi. Wengi huzama hivyo. Mpelekee maji, kisha kalipie umeme wa Yaka wewe. Na waume, mimi si ssenga, shangazi wa kusuluhisha ndoa, wala hakimu. Acheni kuniandikia mkitafuta shahidi.

Bosi akinikosoa, hasira inanipanda palepale. Nimeshaacha kazi mbili kwa ujumbe wa WhatsApp. (Binti wa ofisini, Ntinda)

Ni kama maziwa jikoni: yametulia, umegeuka kidogo, yako sakafuni. Jambo hili halimo katika vigezo vikuu vya DSM-5, lakini madaktari hulikuta mara kwa mara. Kariri sentensi moja: "Nimekusikia, nitakujibu kesho." Jibu la hasira liandike kwenye karatasi, karatasi haina kitufe cha kutuma. Tena ule. Ulikunywa chai kavu asubuhi, mchana ukapita ukiwa umezama kazini, saa kumi bosi anakuta kibiriti. Rolex moja, ile chapati ya mayai, ingeokoa ajira. Lakini kama hasira ikishuka inakuachia mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali leo hii, usisubiri safu yangu.

Huu si ugonjwa wa Wazungu na simu zao? (Mzee, Tororo)

Alexander Crichton, daktari wa Scotland, aliandika juu ya watu wasioweza kutuliza umakini mwaka 1798. Simu gani, mzee? Tena hurithiwa sana. Mkumbuke yule babu mwenye mashamba matatu, yote yamelimwa nusu.

Chakula gani kinaiponya?

Hakuna.

Dada, nilikuandikia mwezi wa tatu, mbona kimya? (Msomaji, Busia)

Barua yako niliiweka mahali pa salama nisije nikaisahau. Nimeikuta juzi ndani ya bahasha ya vyeti, pamoja na bili ya maji. Andika tena kama bado una shida ile.