Popobawa wa kwenye simu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaani imeingia sauti ya mwanamke analia, anasema popobawa, lile jini la kuvamia watu usiku, amerudi, tuwatumie watu kumi. Mwanangu wa darasa la tano sasa analala kitandani kwetu. Eti mwaka 1995 magazeti ndiyo yaliyozua taharuki ile?
Mama Mwenye Wasiwasi, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Magazeti yalikuta moto umeshawaka. Ulianzia Pemba ukavukia Unguja, mwaka uleule wa uchaguzi wa vyama vingi, watu roho juu tayari. Usiku familia nzima zilitoka nje na mikeka yao, mtu na jirani yake, wakakesha wamezunguka moto. Unguja wakamuua mgonjwa wa akili wakidhani ndiye. Mimi jini ninalolijua ni hilo.

Sasa ona ujanja: ilisemwa kuwa popobawa humwagiza aliyemvamia akawasimulie wenzake, la sivyo atamrudia. Hofu inajipeleka yenyewe! “Watumie watu kumi” ni yaleyale, ila hailipi nauli ya boti.

Tazama sauti hiyo kama ina mishale miwili. Ikiwa nayo, imeshapita mikono mingi, na huenda aliyewaletea hamjui huyo anayelia. Muulize palepale kundini: mtaa gani, nyumba ya nani? Mtoto mwache alale kwenu siku mbili tatu. Simu ndiyo ilale sebuleni.