Kupandisha umri wa kustaafu peke yake haitoshi
Mkuu umesema umri wa kustaafu ukipandishwa shida ya wazee imeisha, mi naona umegusa nusu tu. Wa ofisini atasogea mpaka 67 fresh, je aliyebeba zege tangu ana miaka 20 na mgongo ushakwisha, naye asubiri? Halafu kuna kuuguza, hapa ndo penye kazi, mzee akishakuwa wa kulala kitandani tu inabidi umgeuze kila baada ya masaa mawili hivi asipate vidonda, umwogeshe, umlishe, usiku hulali, na mara nyingi anayefanya hayo ni binti yake ambaye kaacha kazi, kwa hiyo na yeye pensheni yake inakatika (hilo sijui kwa nini watu hawalipigii hesabu). Ujerumani walianzisha bima ya huduma kwa wasiojiweza 1995, Japani 2000, kule Japani ukifika miaka 40 unaanza kuchangia, ukija kuishiwa nguvu analetwa mtu kukuhudumia nyumbani. Sio rahisi, michango inapanda kadiri wazee wanavyoongezeka. Ila Ujerumani bima hiyohiyo inamchangia pensheni ndugu anayeuguza, akitimiza masharti ya masaa anayouguza kwa wiki, na mi ningeanzia hapo kabla sijagusa umri wa mtu.